Jicho Linaloamua Kabla ya Kuangalia: Picha ya Mtu na Utambulisho wa Mwanafunzi Shinyanga na Geita (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza kwamba utambulisho, yaani jumla ya mambo yanayomfanya mtu ajijue na ajulikane kuwa yeye wala si mwingine, kwa Msukuma huanza na jina, kwa kuwa Kulwa na Doto ni pacha wa kwanza na wa pili, Shija ni anayewafuata, na Mabula hukumbusha mvua ya siku za kuzaliwa. Sehemu hii inatoka kwenye jina na kuingia kwenye sura, ili kuonyesha namna uchoraji unavyoweza kumsaidia mwanafunzi ajitazame na amtazame mwenzake kwa haki.

Picha ya mtu, kwa maana ya kisanaa, ni mchoro, sanamu au picha ya kamera inayokusudia kumwonyesha mtu mahususi, na mchoraji anapojichora mwenyewe kazi hiyo huweza kuitwa picha-nafsi. Haifanani na picha ya pasipoti, ambayo ofisi huitaka ili kulinganisha sura na jina basi, kwani mchoraji huchagua pia mkao, vazi, mwanga na kitu kilichoshikwa mkononi. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyeishi kati ya 1606 na 1669, alijichora takriban mara 80 tangu ujana hadi uzee, na mfululizo huo unaonyesha kwamba uso mmoja hubeba watu kadhaa kadiri miaka inavyopita.

Haja ya somo hili ni kubwa zaidi katika Kanda ya Ziwa, kwa sababu humo sura ya mtu imewahi kusomwa vibaya hadi ikagharimu uhai. Kwa miaka mingi Shinyanga na mikoa jirani ilisikika kwa mauaji ya vikongwe, ambao macho yao mekundu yalihesabiwa kuwa dalili ya uchawi. Wekundu huo una chanzo kinachofahamika: misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, kuni zikaadimika, na wanawake wengi wakapika kwa samadi kavu na mabua, ambavyo moshi wake huwasha macho mwaka baada ya mwaka. Ukubwa wa uharibifu huo ndio uliosababisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, maarufu kwa jina la HASHI, uanzishwe mwaka 1986 na kufufua ngitili, yaani maeneo ya malisho na miti yanayohifadhiwa kwa desturi.

Kosa la aina hiyohiyo liliwapata watu wenye ualbino, hali ya kurithi kutoka kwa wazazi wote wawili, ambapo mwili hutengeneza kidogo mno, au hautengenezi kabisa, melanini inayotia rangi ngozi, nywele na macho. Baadhi ya wachimbaji na wavuvi waliaminishwa kwamba viungo vya watu hao huleta utajiri, na mauaji yakashika kasi kuanzia mwaka 2007. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino, na watoto wengi walipelekwa Buhangija, katika Manispaa ya Shinyanga, ili walindwe huko shuleni. Katika mikasa yote miwili mtazamaji alikuwa amekwisha kuamua anachokiona kabla ya kuangalia.

Uchoraji hukabili tabia hiyo kwa njia ya vipimo. Mwanafunzi anayeanza huchora macho juu mno, kwa kuwa mawazo yake yako usoni na fuvu amelisahau. Lakini anapopima kwa penseli hugundua kwamba macho yako karibu na katikati ya urefu wa kichwa, kwamba kati ya jicho na jicho pana nafasi ya jicho moja, na kwamba sikio huanzia usawa wa nyusi na kuishia usawa wa chini ya pua. Vipimo hivi ni vya wastani tu, na kila uso huvikiuka kidogo. Katika ukiukaji huo mdogo ndimo mtu anamofanana na nafsi yake.

Kwa upande wa rangi, shule isiyo na bajeti inaweza kutumia mkaa, udongo mweusi wa mbuga, mchanga mweupe ambao Wasukuma huuita luseni na udongo mwekundu wa vilima vya Geita, ukisagwa, ukachekechwa na kuchanganywa na gundi. Kila mwanafunzi hutafuta mchanganyiko unaolingana na mkono wake, na darasa zima huona kwamba weusi, wekundu na weupe wa ngozi zao ni vipimo tofauti vya vitu vilevile, jambo linalorahisisha maelezo ya melanini. Mwanafunzi mwenye ualbino, ambaye kwa kawaida ana uoni hafifu, huhitaji karatasi kubwa, kioo kilicho karibu na nafasi ya kivulini.

Geita, iliyofanywa mkoa mwaka 2012, ina jambo lake la ziada, kwani dhahabu imekusanya katika darasa moja watoto wa Wasukuma, Wasumbwa, Wazinza, Wahaya na wageni wa mbali. Kumwamuru mtoto achore vazi la kabila lake humfunga katika asili ya wazazi. Afadhali achague mwenyewe vitu vitatu vya kumzunguka, viwe jembe, daftari au tochi ya kichwani ya baba anayeshuka duarani, yaani kwenye shimo la wachimbaji wadogo, katika machimbo ya Nyarugusu. Aliyechorwa abaki na haki ya kukataa picha yake kutundikwa ukutani.

Zoezi la mwisho la hatua hii ni kumchora bibi au mzee wa nyumbani, kwa sharti kwamba kabla ya kutia rangi macho yake mwanafunzi amuulize alipikia nini na kwa miaka mingapi, kisha aandike jibu nyuma ya karatasi. Mwanafunzi mwenye jibu hilo anayo maelezo ya macho mekundu yasiyohitaji mganga.

(Itaendelea)