Almasi Ioteshwayo kwa Gesi

Almasi ya asili huundwa chini sana ardhini, penye mgandamizo mkubwa mno. Penye mgandamizo mdogo kaboni huelekea kuwa grafiti, ile ya penseli. Hata hivyo, mwaka 1982 wanasayansi wa Tsukuba, Japani, walieleza njia ya kuotesha almasi katika chombo chenye mgandamizo mdogo kuliko wa hewa.

Haidrojeni yenye methani yapata asilimia 1 hupitishwa penye uzi wa tangsteni wa digrii 2000 hivi za Sentigredi. Molekuli za haidrojeni huvunjika kuwa atomi. Kaboni ya methani hutua juu ya kipande kilicho karibu. Atomi hizo hula grafiti upesi kuliko almasi, nayo almasi husalia.

Utando huo, ukuao polepole, huimarisha visu vya mashine vikatavyo alumini. Kwa chuma haufai: chuma kikipata moto hunywa kaboni yake.