Mbona Ukurasa wa Chama Chetu Hauonekani?

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mpenzi msomaji, leo nawaomba wahenga radhi, maana katika intaneti hata kizuri kisipoonyeshwa njia hakiuziki.

Mwaka jana sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili tulikusanya vitendawili kutoka kwa babu na nyanya zetu, tukaviweka katika sehemu yetu ndani ya tovuti ya shule. Nilimwahidi nyanya yangu kwamba hata mjomba aliye Mombasa atavisoma. Wapi! Mjomba alitafuta katika Google akaambulia patupu. Nyanya akaniuliza, "Kwani mliandika wapi, mjukuu wangu, majini?"

Nilimwendea mwalimu wa tarakilishi nikiwa nimejaa aibu. Aliyonifunza ndiyo haya.

Kwanza, Google haizunguki mtandao mzima pale unapouliza swali. Ina programu ambayo huwa imetembea mapema, ukurasa hadi ukurasa, kwa kufuata viungo, yaani yale maneno unayobonyeza yakakupeleka kwingine. Inachokisoma hukiweka katika faharasa, na jibu lako hutoka humo. Ukurasa usio na kiungo chochote ni nyumba isiyo na njia. Wetu ulikuwa hivyo. Ukurasa wa mbele wa shule ulitaja karo, michezo na mitihani, lakini chama chetu hakikutajwa hata kidogo.

Mwaka wa 1998, Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walieleza hesabu waliyoiita PageRank. Kiungo ni kama kura, na kura ya ukurasa unaoheshimika ina uzito zaidi. Kwa hivyo anayekaa ndani ya tovuti kubwa ana bahati, mradi mwenye nyumba amtaje. Hata Google yenyewe ilianza ikiwa mpangaji! Anwani yake ilikuwa google.stanford.edu kabla ya kuhamia google.com, jina lililosajiliwa mwaka wa 1997.

Pili, mpangaji hashiki ufunguo wa lango. Kuna faili iitwayo robots.txt, utaratibu uliopendekezwa na Martijn Koster mwaka wa 1994. Huziambia programu zile zisiingie sehemu fulani. Faili hiyo husomwa mahali pamoja tu, mwanzoni kabisa mwa anwani ya tovuti. Ukiiweka ndani ya folda ya chama, ni kazi bure. Basi tulipoifungua ile ya shule, kumbe folda yetu ilikuwa imepigwa marufuku tangu tovuti ilipokuwa ikijengwa! Aliyeijenga alisahau kuuondoa mstari ule. Mstari mmoja tu, jamani.

Tatu, makosa mengine yalikuwa yetu wenyewe. Kurasa zetu zote zilikuwa na kichwa kimoja, "Karibu Shuleni". Sasa mtu anayetafuta vitendawili atajuaje kwamba vimo humo? Tukaupa kila ukurasa kichwa chake, kwa maneno ambayo mtafutaji mwenyewe angeyatumia. Wenzangu wengine walitaka neno "vitendawili" lirudiwe mara hamsini, lakini mwalimu alikataa. Google huihesabu hiyo kuwa hila, na ukurasa waweza kushushwa. Mwisho tukaisajili folda yetu katika Google Search Console, huduma ya bure ambayo hukubali hata sehemu moja tu ya tovuti, tukaipelekea orodha ya kurasa zetu.

Lango na ukurasa wa mbele hatukuweza kuvigusa. Tulimwandikia mwalimu mkuu barua ya nusu ukurasa tukiomba mambo mawili: mstari uondolewe na kiungo kiwekwe. Alikubali siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumelalamika muhula mzima bila kumwuliza!

Wiki kadhaa baadaye mjomba alipiga simu, akamtegea nyanya kitendawili chake mwenyewe. Nyanya alicheka mpaka akatoa machozi. Hatuongozi orodha ya Google, lakini tupo.

Nanyi wa vyama vingine, hebu tafuteni kurasa zenu leo. Msipoziona, anzeni langoni. Kalamu naiweka chini.