Aliyekamatwa Hajahukumiwa

Katika Kenya habari hii si ngeni: askari waja usiku, wamchukua kijana wa nyumba, na kabla ya kucha majirani wamekwisha kusema, "Kumbe ni mwizi!" Mama analia, baba anakwenda huku na huku akitafuta fedha, wala hajui ni fedha za nini. Twaona kwamba taabu hii huzidi kwa sababu watu hawajui sheria imewapa nini.

Neno la kwanza la kushika ni hili: kukamatwa si kuhukumiwa. Katiba ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 27 Agosti 2010, yasema katika kifungu cha 50 kwamba mshtakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka hatia yake ithibitishwe. Mwenye kushtaki ndiye apaswaye kuleta ushahidi. Basi kundi la watu limpigalo mtu njiani limejifanya hakimu pasipo kumsikia shahidi hata mmoja. Akifa naye hakuiba, ni nani atakayemrudisha?

Tena kifungu cha 49 chaeleza haki za mtu tangu saa ya kukamatwa. Yapasa aambiwe upesi, kwa lugha aijuayo, sababu ya kukamatwa kwake. Aweza kunyamaza, wala hashurutishwi kukiri. Aweza kupeleka habari kwa wakili, na kwa wengine ambao msaada wao wahitajiwa. Tena hawekwi pamoja na wafungwa waliokwisha kuhukumiwa.

Hapana budi afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, wala zisipite saa 24. Lakini saa hizo zikiisha siku isiyo ya mahakama, mpaka ni mwisho wa siku ya mahakama ifuatayo. Kwa hiyo aliyekamatwa Ijumaa jioni aweza kungojewa mpaka Jumatatu, asiletwe baadaye, isipokuwa Jumatatu hiyo ni sikukuu. Kabla ya katiba hii, mtu aliyeshukiwa kosa la kustahili kifo aliweza kuwekwa siku 14, wala hakupewa dhamana. Sasa kipimo ni kimoja kwa wote.

Na dhamana ni nini? Ni ahadi ya kwamba mshtakiwa atarudi siku ya kesi. Ni haki yake kuipata kwa masharti yenye kiasi, isipokuwa pana sababu nzito ya kumnyima. Fedha ya dhamana si faini, wala si hongo. Hutolewa kwa stakabadhi, nayo hurudishwa kesi ikiisha, kama mshtakiwa amehudhuria siku zake. Akitokea mtu atakaye fedha gizani pasipo stakabadhi, jueni kwamba hiyo siyo dhamana.

Mbele ya hakimu, mshtakiwa ana haki ya kupewa nafasi ya kujitayarisha, ya kuleta mashahidi wake na kuwahoji wa upande wa pili. Asiyeijua lugha ya mahakama hupewa mkalimani pasipo malipo. Akionekana na hatia, aweza kukata rufani.

Basi likiwapata jambo hili, msifadhaike. Ulizeni kijana amepelekwa kituo gani, kwa kosa gani. Andikeni siku na saa aliyokamatwa, kisha hesabuni. Semeni na askari kwa adabu, lakini msiache kuuliza.

Wengine watanung'unika kwamba sheria hizi zawapendelea waovu. Sisi twaona sivyo. Akifungwa asiye na kosa, mwizi wa kweli yungali nje, na aliyeibiwa hakupata haki yake. Nanyi walimu, wafundisheni watoto maneno haya mapema, ili siku watakaposikia kelele za "Mwizi!" njiani, wasiokote mawe.