Kitabu cha Aljebra cha Kusomea Nyumbani: Usikiache cha Zamani

Katika nyumba nyingi za Nyamira, kuanzia Ekerenyo hadi Nyansiongo, kuna vitabu vya Hisabati vya Kidato cha Kwanza na cha Pili ambavyo havina tena mwanafunzi. Kundi la mwisho la 8-4-4 liliingia Kidato cha Kwanza Januari 2024, na KCSE yake ni ya 2027. Wadogo zao wanasoma mtaala wa umilisi, ambao ulifika Gredi ya 7 mwaka 2023 na Gredi ya 10 Januari 2026. Kwa hiyo mzazi akiingia duka la vitabu kutafuta kitabu cha kumfundishia kijana aljebra nyumbani, swali la kwanza huwa ni gredi ya ngapi. Mimi ningeanza na jingine: je, kitabu hiki kinaweza kumfundisha mtoto asipokuwa na mwalimu kando yake?

Vitabu vingi vya mtaala mpya vimeandikwa kwa ajili ya darasa. Vinamwambia mwanafunzi ajadiliane na wenzake, afanye shughuli ya kikundi, kisha awasilishe. Darasani hilo lina faida kubwa. Lakini kijana aliye peke yake mezani wakati wa likizo, au anayeuguza mguu nyumbani muhula mzima, hana kikundi. Anahitaji mifano iliyotatuliwa hatua kwa hatua na mazoezi mengi yanayopanda polepole. Hapo ndipo kitabu cha zamani kina nguvu.

Niseme mapema kwamba sizungumzii kumtoa mtoto shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamlazimu mzazi kuhakikisha mwanawe anahudhuria shule, na mwaka 2021 Mahakama Kuu ilikataa ombi la wazazi waliotaka haki ya kuwasomesha watoto nyumbani. Hata hivyo jioni, likizo na siku za ugonjwa ni za mzazi, na tangu shule zilipofungwa Machi 2020 kila nyumba inajua kwamba siku kama hizo huja.

Marekani familia zinazofundisha watoto nyumbani hununua kitabu kizima cha aljebra. Hapa kwetu aljebra imetawanywa ndani ya kitabu kimoja cha Hisabati, katikati ya jometri, biashara na takwimu. Mzazi asimwambie kijana asome kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Katika vitabu vinavyofuata silabasi ya 8-4-4, kama vile vya Kenya Literature Bureau, chukua sura za semi za aljebra na milinganyo sahili katika Kidato cha Kwanza. Kisha vipeo, mlinganyo wa mstari mnyoofu, semi za kipeo cha pili na ukosefu wa usawa katika Kidato cha Pili. Kanuni ya jumla ya kutatua milinganyo ya kipeo cha pili inangoja Kidato cha Tatu. Huo ndio uti wa mgongo.

Kabla ya kulipa, fungua penye kutafuta vigawo. Chukua 6x² − x − 12. Kitabu kizuri hakikimbilii jibu. Kinamwelekeza mtoto azidishe 6 kwa −12 apate −72, kisha atafute nambari mbili ambazo zikizidishwa huleta −72 na zikijumlishwa huleta −1. Ni −9 na 8. Kinaandika 6x² − 9x + 8x − 12, chini yake 3x(2x − 3) + 4(2x − 3), ndipo (2x − 3)(3x + 4). Mistari hiyo ya kati ndiyo somo lenyewe. Kitabu kinachoiruka, kirudishe rafuni.

Wazazi wengi huniambia hawawezi kusahihisha kwa sababu waliacha shule darasa la nane. Wanaweza. Weka 1 mahali pa x katika swali, kisha katika jibu. Upande wa kwanza ni 6 − 1 − 12, yaani −7. Upande wa pili ni −1 mara 7, nao ni −7. Jaribu 2: pande zote zinatoa 10. Jaribu 0: zote ni −12. Kwa semi za kipeo cha pili, nambari tatu tofauti zikikubali, jibu ni sahihi bila shaka yoyote. Mama anayejua kuzidisha na kutoa anaweza kumsimamia mtoto wa Gredi ya 9.

Tazama pia kama kuna mafumbo ya maneno. Mama na mwanawe wamepeleka kilo 52 za majani chai kituoni. Mama alichuma kilo 7 zaidi ya mara mbili ya kilo za mwanawe. Mtoto akiandika x + 2x + 7 = 52, akapata 15 na 37, ameelewa aljebra ni ya nini. Kitabu chenye hesabu tupu za herufi kitamchosha.

Kosa ninaloliona mara kwa mara ni kununua vitabu vya marudio vilivyojaa mitihani ya miaka iliyopita na majibu yake. Hivyo vinampima mtoto aliyekwisha kufundishwa. Asiyejua huishia kukariri jibu la swali ambalo halitarudi.

Usitupe kitabu cha shule cha mtaala mpya, kwa maana tathmini zinakifuata, na Hisabati ni lazima katika mikondo yote mitatu ya sekondari ya juu. Soma mada humo, kisha fanyia mazoezi kwenye cha zamani. Kama cha zamani hakina majibu nyuma, mwongozo wa mwalimu wa kitabu hicho hicho unayo. Mwendee mwalimu wa Hisabati wa shule iliyo karibu nawe, umwombe akuazime kwa likizo moja.