Maji Yanayotoka Pugu

Sogeeni karibu, wanangu, niwaeleze habari za Mto Msimbazi wa Dar es Salaam. Wakati wa kiangazi ni mto mnyonge, maji yake hayavuki magoti, na kandokando watu wanalima mchicha. Mtoto anayeishi mitaa ya Kigogo au Jangwani huuona kila siku, akauzoea, akaacha kuuogopa. Lakini mto huo umeanzia mbali, kwenye vilima vya Pugu, na njiani unabeba maji ya mapaa, barabara na mitaro. Mvua ikipiga huko juu, ninyi huku bondeni mnaweza kuwa mmeanika nguo juani, kumbe maji yako njiani yanakuja.

Desemba 2011 yalikuja kwa kishindo. Dar es Salaam ilikuwa haijapata mvua kubwa namna ile tangu 1954. Watu wapatao 40 walikufa. Wengine walipanda juu ya mapaa, wakakaa huko kungoja waokoaji.

Sasa toeni rula ile fupi iliyomo kwenye mkebe wa hesabu, muisimamishe mezani. Ni sentimita 15. Maji yanayokwenda kasi yakifika kimo hicho tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika rula mbili, gari dogo huanza kuelea. Tena maji ya mafuriko ni tope tupu: huoni chini, na hapo unapotaka kukanyaga huenda pana shimo la mtaro lisilo na mfuniko. Kwa hiyo hata kaka akikushika mkono, usivuke.

Kuanzia 2015, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wenzao walizunguka mitaani wakichora ramani pamoja na wenyeji, maana aliyeishi bondeni anajua maji hupita wapi. Nanyi waulizeni bibi na majirani maji ya mafuriko yalifika wapi. Tafuteni mstari wa tope yaliouacha ukutani, mpime kwa rula hiyohiyo.

Jambo linaloniumiza zaidi ni watoto kuruhusiwa kwenda nyumbani mvua inapozidi, maana ndipo wanapokutana na maji njiani. Basi kabla ya masika, mwulizeni mwalimu wenu: siku ya mvua kubwa tutakaa darasa lipi, wazazi watapataje habari, na nani atapiga 114 kuwaita Zimamoto?