Gauni la Daktari, Mfuko wa Mgonjwa

Gego langu la chini lilichagua Agosti 2020 kuniumbua. Mombasa ilikuwa chini ya kafyu ya saa tatu usiku, na jino nalo likawa na desturi ya kuanza saa tatu na nusu. Siku mbili nilihangaika na karafuu na maji ya chumvi. Ya tatu nikasalimu amri.

Mlangoni mwa kliniki nilielekezewa paji la uso kile kibastola cha kupima joto, nikanyunyiziwa sanitaiza, nikaketishwa kwenye benchi lenye alama za X ili tusibanane. Mlango wa ndani ukafunguka, daktari akamsindikiza mgonjwa aliyenitangulia. Alivaa kama mrina asali: gauni la bluu hadi vifundoni, kofia, barakoa mbili, na ngao ya plastiki usoni. Mkono wa kushoto wa gauni ulikuwa na doa la iodini, la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi. Nalikumbuka doa hilo kwa sababu dakika tano baadaye lilikuwa juu ya pua yangu, na sindano ya ganzi nyuma yake.

Jino lilitoka vizuri, sina la kulalamika hapo. Kwenye kaunta nikapewa risiti ya mistari mitatu: kumwona daktari, kung'oa shilingi 2,500, na herufi tatu, PPE, shilingi 1,500.

"Hii ni nini, dada?"

"Ni ya mavazi ya daktari, mjomba. Ya korona."

"Mbona kwenye simu hamkuniambia?"

"Bei zimebadilika, mjomba. Pole."

Nusu ya uso ilikuwa ganzi na pamba imenijaa mdomoni. Hoja zangu zote, na zilikuwa nzuri, zilitoka kama za mlevi. Nikalipa kwa M-Pesa nikaenda zangu.

Hasira ilipopoa nilimtendea daktari haki kidogo. Mgonjwa wa meno ndiye mgonjwa ambaye hawezi kuvaa barakoa. Kazi yenyewe imo ndani ya kinywa chake. Ile mashine ya kutoboa jino huzunguka mara laki tatu na zaidi kwa dakika, hupozwa kwa maji, na maji hayo hurudi hewani kama ukungu uliochanganyika na mate na damu. Daktari huinamia ukungu huo kutwa nzima, wiki nzima. Na vifaa vilikuwa vimepanda bei kweli: Machi 3, 2020, Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba barakoa za upasuaji zilikuwa zimepanda mara sita tangu mlipuko uanze, zile za N95 mara tatu, na magauni mara mbili. Glavu nyingi za dunia hutoka Malaysia, na Novemba mwaka huo viwanda vya Top Glove viliamriwa kufungwa kwa awamu kwa sababu wafanyakazi wake wenyewe waliugua.

Kwa hiyo gharama ilikuwepo. Ugomvi wangu ni mwingine: nani aibebe, na aambiwe lini.

Wajerumani walilimaliza jambo hili kwa namna iliyonifanya nicheke peke yangu. Aprili 2020 chama cha madaktari wa meno kilikaa na kampuni za bima binafsi na wale wanaosimamia matibabu ya watumishi wa serikali, wakakubaliana euro 14.23 kwa kila ziara ya mgonjwa mwenye bima ya aina hiyo. Senti ishirini na tatu zile hazikuokotwa. Walifungua kitabu cha ada za meno kilichokuwepo tayari, wakatafuta kazi ya kufananisha nayo, wakaichukua ile ya kung'oa jino lenye mizizi zaidi ya mmoja. Yaani gego. Ujerumani, kuvaa gauni kukawa na bei sawa na kung'oa jino langu! Oktoba 1, vifaa vilipoanza kupatikana, ada ikashushwa hadi euro 6.19.

Kwa thamani ya wakati ule, euro 14.23 ilikuwa kama shilingi 1,800, zaidi ya niliyotozwa mimi. Nakiri hilo lilinipunguza makali. Lakini pale kiasi kilijulikana kabla ya mdomo kufunguliwa, bima ikakibeba, na kilishuka sababu yake iliposhuka.

Marekani walivutana zaidi. Chama cha madaktari wa meno kilizitaka bima zilipe, na madaktari wakawa wanaandika gharama hiyo chini ya namba D1999, ambayo ni kapu la huduma za kinga zisizo na jina. Bima nyingine zililipa, nyingine zikakataa, na dola kumi au ishirini zikamwangukia mgonjwa. Agosti 2020, mwezi uleule wa jino langu, Idara ya Huduma za Fedha ya jimbo la New York ilizitaka bima zihakikishe madaktari walio kwenye mikataba yao wanaacha kuwatoza wateja pesa hizo, na waliokwisha kutozwa warudishiwe. Uingereza, mgonjwa wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, alilipa ada yake ya kawaida. Bili za barakoa zilikuwa kwa madaktari binafsi.

Huku kwetu wengi hulipia meno kutoka mfukoni, hivyo hapakuwa na meza ya kukaliwa na yeyote. Palikuwa na kaunta, dada, na mtu mwenye pamba mdomoni. Na lile doa la iodini bado halijanitoka: kama gauni lilikuwa moja na wagonjwa tulikuwa wawili, nani kati yetu alilinunua?

Mwaka 2022 upande wa pili ulianza. Safari hii nilipiga simu kabla ya kutoka nyumbani, nikauliza kila kitu. Kumwona daktari, kuziba jino, sawa. Halafu kuna "usafi", shilingi 1,000.

"Usafi upi tena, dada? Korona si imeisha?"

Akanyamaza kidogo. Nilisikia karatasi zikipekuliwa.

"Ni 1,000, mjomba," akasema, sauti imeshuka. "Lakini wewe njoo, tutaongea."