Kuhuisha Mji kwa Kuanzia Chini ya Ardhi: Mfano wa Kombani, Kwale

Kitenzi huisha kina mzizi mmoja na neno hai. Kwa hiyo, kuhuisha mji si kuupaka rangi wala kuuongezea ghorofa, bali ni kuurejeshea uhai usiokatika baada ya kizazi kimoja. Maana hii aghalabu husahaulika mipango ya miji inapojadiliwa: maduka na taa za barabarani huhesabiwa kwa makini, ilhali maji na udongo hutajwa mwishoni kama mambo ya ziada. Mji mdogo wa Kombani, katika Kaunti ya Kwale, unaonyesha kwa nini mpangilio huo wafaa kugeuzwa.

Kombani ni njiapanda. Barabara itokayo Likoni kwenda Lungalunga huachana hapo na ile ipandayo mji wa Kwale na Milima ya Shimba. Kama ilivyo desturi ya njiapanda, vibanda hutangulia, nyumba za kupangisha hufuata, na mipango huja nyuma ikihema. Kasi hiyo yaelekea kuongezwa na barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, na ambayo huunganisha Miritini na pwani ya kusini bila msafiri kusubiri feri.

Jambo la msingi, hata hivyo, liko chini ya ardhi. Ukanda huu umeumbwa kwa mchanga na, karibu na bahari, miamba ya matumbawe. Mvua ikinyesha, maji huzama upesi na kuhifadhiwa humo. Ndiyo sababu visima vya Tiwi, kusini mwa Kombani, pamoja na chemchemi za Marere katika Milima ya Shimba, vimekuwa miongoni mwa vyanzo vya maji ya Mombasa na pwani ya kusini. Lakini njia inayoyaingiza maji ya mvua ndiyo hiyohiyo inayoyaingiza maji ya chooni. Mchanga huchuja uchafu kwa kiasi. Matumbawe yenye nyufa huchuja kidogo mno. Kijijini, ambako nyumba moja iko mbali na nyingine, choo cha shimo na kisima vyaweza kutengana vya kutosha. Mjini, viwanja vikikatwa vidogovidogo, choo cha mmoja huwa jirani wa kisima cha mwenziwe. Rangi mpya ya ukuta haimkingi mtu na kipindupindu.

Kwale si mgeni wa fikra njema kuhusu maji. Katika miaka ya 1980, vijiji vya kaunti hii (wakati huo wilaya) vilikuwa miongoni mwa sehemu ambako pampu ya mkono ya Afridev ilijaribiwa na kuboreshwa, kabla ya kuenea katika nchi nyingine. Iliundwa ili wanakijiji, wanawake wakiwemo, waifungue na kuitengeneza wenyewe bila kungoja fundi kutoka mbali. Pampu hiyo, hata hivyo, huinua maji tu, haiyasafishi.

Mfano mwingine uko ng'ambo ya Likoni, Bamburi, kaskazini mwa Mombasa. Mwaka 1971, René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, mahali palipobaki mwamba mtupu wa matumbawe. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, ni 3 tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake makavu hayakuoza upesi, ndipo majongoo walipoletwa wayale na kuyageuza udongo. Msitu ulikuja baada ya udongo, na wageni baada ya msitu.

Kombani haina machimbo ya kufufua, lakini utaratibu ni uleule. Mfumo wa majitaka, au angalau matangi yasiyovuja na yanayonyonywa kwa ratiba, utangulie ugawaji wa viwanja. Paa za soko zivune mvua. Mabaki ya matunda na mboga yarudi mashambani yakiwa mboji. Sehemu zenye miembe na minazi ziachwe wazi ili mvua iendelee kuzama. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na tangu 2013 upangaji wa miji umo mikononi mwa kaunti. Kinachokosekana si sheria bali ni mfuatano wa kazi: bomba la majitaka hulazwa kwa urahisi penye uwanja mtupu, na kwa kubomoa penye nyumba 40.